Kichwa cha dizeli cha miaka ya 1960: kipi kipunguzwe asubuhi, kipi kisiguswe

*"Shikamoo fundi. Mimi ni kijana ninayejitolea kwenye reli ndogo ya watalii. Tuna kichwa cha treni cha dizeli-umeme cha miaka ya 1960 kinachovuta mabehewa matano ya zamani mwisho wa wiki. Siku nyingine kimelala bandani. Safari inaanza saa tatu na nusu asubuhi, lakini dereva wetu mzee anatuita saa kumi na mbili. Anafungua vikoki kwenye injini, anaizungusha kwa mkono na chuma kirefu, anasubiri pampu ya oili, ndipo anawasha. Injini inaunguruma karibu saa nzima kabla hatujaanza habari za breki. Jumamosi iliyopita ilitoa moshi mweupe mzito kwa muda mrefu, abiria wakaanza kukohoa. Mwenzangu mmoja anasema dawa ni kupiga resi ipate moto haraka. Mwingine anasema tuiache iwake usiku kucha kama reli kubwa zinavyofanya, asubuhi tupande tuondoke. Basi la siku hizi linawashwa kwa ufunguo tu. Je, muda wote huu ni lazima, au ni mazoea ya wazee?"*

Marahaba. Naona kinachokusumbua ni kutojua kama unaamshwa alfajiri na mahitaji ya injini au na desturi ya mzee. Ni vyote viwili. Ile saa nzima ya kuunguruma mnaweza kuipunguza, tena mngefanya vizuri kuipunguza. Kuzungusha injini kwa mkono baada ya wiki nzima ya kulala, na kupima breki za treni yote, hapo hakuna cha kupunguza. Wenzako wote wawili wamekosea, na huyo wa pili amekosea kwa namna inayoweza kuua watu.

Tulimalize kwanza suala la basi. Injini ya basi la kisasa ina silinda ndogo, imelala usiku mmoja, na ina kompyuta inayopima joto na kuipimia kila silinda dizeli yake. Kichwa chenu kina silinda kubwa, kimesimama siku kadhaa, na kazi ya ile kompyuta inafanywa na macho, masikio na mikono ya watu waliopo bandani. Halafu kuna namna kinavyowashwa. Injini yenu haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inazungusha jenereta kuu, na umeme wa jenereta unakwenda kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwenye vichwa vingi vya enzi hizo, wakati wa kuwasha mambo yanageuka: betri zinaipa jenereta umeme, nayo kwa sekunde chache inakuwa mota na kuizungusha injini mpaka ishike. Jenereta hiyo imeunganishwa moja kwa moja na krenki, mhimili mkuu wa injini. Ni chuma kizito mno, na kikishaanza kuzunguka halafu kikakutana na kizuizi ndani ya silinda, hakisimami kwa upole.

Kizuizi chenyewe ni maji. Chukua mfano wa injini ya EMD 567 ya Marekani, iliyoingia kazini mwaka 1938. Hiyo 567 ni ujazo wa silinda moja kwa inchi za ujazo, yaani takriban lita 9.3. Uwiano wa mgandamizo ukiwa 16 kwa 1, pistoni ikifika juu kabisa inabakiza nafasi ya kama lita 0.6 tu. Hewa hukubali kubanwa humo. Maji hayakubali. Yakijaa ile nafasi, pistoni inapopanda hayana pa kwenda, na kitu dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoachia: mkono wa pistoni unapinda au kifuniko cha silinda kinapasuka. Na lita 0.6 si maji mengi. Ufa mdogo kwenye kifuniko, au mpira uliochoka wa laina (ala ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka), ukivujisha tone moja moja kutoka kwenye maji ya kupozea, siku sita zinatosha kabisa. Mvua nayo huingia kwa juu, kupitia bomba la moshi, kama halikufunikwa. Hata nozeli (kinyunyizio cha dizeli) inayovuja inaweza kuacha dizeli juu ya pistoni.

Ndiyo maana mzee anafungua vile vikoki. Kila silinda ina chake, na kikiwa wazi, chochote kilichomo ndani kinatoka pistoni inapopanda polepole kwa nguvu ya mkono. Injini ya mipigo minne inazungushwa mizunguko miwili kamili ili kila pistoni ipite kwenye mgandamizo wake. Ya mipigo miwili inatosha mzunguko mmoja. Kabla ya hapo umeme wa kuwashia ukatwe na kibao kitundikwe kwenye swichi, maana mtu akibonyeza kitufe wakati chuma kile kimechomekwa, kitamvunja aliyekishika. Kikishatumika kitolewe na kirudishwe mahali pake paonekanapo, siyo kuegeshwa tu pembeni.

Jumamosi ijayo muombe mzee akuweke upande wa vikoki, uwe na kitambaa cheupe. Kila pistoni inapopanda utasikia kikoki chake kikipumua, pfff, na kwenye kitambaa kitabaki kivuli cha oili au harufu ya dizeli. Hiyo ni kawaida. Maji yakitoka, hata kijiko kimoja, kazi imeishia hapo na injini haiwashwi. Na lipo jambo ambalo wengi hulipita: kikoki kisichopumua kabisa. Mara nyingi kimeziba kwa masizi, na kikoki kilichoziba hakitatoa maji hata kama silinda imejaa. Kizibuliwe kwa waya, pistoni ile irudiwe. Watu wawili waliozoea huimaliza kazi hii ndani ya nusu saa. Injini iliyozimwa Jumamosi jioni ili iwashwe Jumapili asubuhi ni habari nyingine. Watengenezaji wengi huandika ni baada ya saa ngapi za kusimama ndipo izungushwe, na kiwango cha kitabu cha injini yenu ndicho mkifuate, wala siyo changu.

Pampu ya oili nitaieleza kwa ufupi. Krenki ikizunguka haigusani na beringi zake, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Injini ikilala, sehemu kubwa ya utando ule inashuka chini. Pampu ya umeme inaurudisha kabla ya chuma kuanza kusuguana na chuma, na baadhi ya vichwa havikubali hata kuwaka mpaka presha ifike. Hizo ni dakika chache, na hakuna faida kuziiba. Wakati pampu inafanya kazi, angalia kijiti cha kupimia oili. Kitabu kitakwambia kama kinasomwa injini ikiwa imezimwa au ikiunguruma, kwa sababu aina zinatofautiana. Oili iliyopungua haishangazi, injini za zamani zinakula oili. Ya kuogopa ni oili iliyoongezeka wakati hakuna aliyeongeza: ama dizeli imeingia, na utaisikia harufu yake, ama maji, na rangi itakuwa kama ya maziwa.

Sasa tuje kwenye moshi na ile saa nzima.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inabana hewa mpaka inapata moto wa nyuzi 500 na zaidi, kisha inapulizia dizeli, ambayo huwaka yenyewe kwenye nyuzi 210 hivi. Ukiwahi kupampu tairi la baiskeli ukashika mwisho wa pampu, unalijua joto hilo. Silinda ikiwa ya baridi, kuta zake zinanyonya lile joto, na sehemu ya dizeli inatoka bila kuungua, ikiwa matone madogo sana. Huo ndio moshi mweupe unaochoma macho na kukohoza watu. Kwenye injini isiyo na hitilafu iliyolala wiki nzima, dakika za mwanzo moshi huo ni wa kawaida, kisha silinda moja baada ya nyingine zinashika na unakatika.

Kosa la saa nzima ni kudhani kwamba kuunguruma kunapasha moto. Injini isiyobeba mzigo inachoma dizeli kidogo mno, hivyo joto linalopatikana ni dogo, na linamezwa na chuma kingi cha injini. Unaweza kuunguruma saa nzima na silinda zikabaki vuguvugu. Kibaya zaidi, ile dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka nayo chini, na oili nyingine inajikusanya kwenye njia ya moshi. Siku dereva anapokanyagia mlimani, njia ya moshi inapata moto kweli, uchafu ule unawaka, na bomba linatema cheche au ndimi za moto. Watalii huipenda picha hiyo. Mimi siipendi.

Kupiga resi nako hakusaidii. Oili bado ni nzito na haijafika kila mahali, turbo (feni ya kusukumia hewa kwenye silinda) kama ipo inazungushwa kwa kasi kubwa ikiwa na oili kidogo, na pistoni zinapata joto na kutanuka kabla ya laina zinazozizunguka. Nafasi kati yao ni ndogo, ikiisha zinakwaruzana, na mkwaruzo ule haufutiki mpaka injini ifunguliwe.

Njia nzuri, kama fedha ipo, ni hita ya umeme inayopasha na kuzungusha maji ya kupozea usiku, ikipata umeme wa banda, ikiwa na kifaa cha kuikata maji yakizidi moto au yakipungua. Hapo mtawasha injini ambayo chuma chake tayari ni vuguvugu; moshi mweupe unapungua sana, na betri nazo hazihangaiki. Kama fedha haipo, washeni baadaye. Muda wa lazima wa kuunguruma ni ule wa kupata presha ya oili, kujaza upepo wa breki na kuzipima, na kazi hizo zitaipa injini muda wake wa kutosha. Baada ya hapo iondoke na mzigo mwepesi, na dereva asifungue nguvu kubwa mpaka maji yafike kwenye joto lililoandikwa kitabuni. Mzigo mwepesi wa dakika kumi unaipasha injini kuliko saa nzima ya kusimama.

Kuhusu kuiacha iwake usiku kucha: rafiki yako amelisikia jambo la kweli akalichukua nusu. Reli za Marekani kwa miaka mingi ziliacha vichwa vikiunguruma wakati wa baridi kwa sababu mitambo yake ya kupozea haikuwekwa dawa ya kuzuia maji kuganda. Kuzima injini kulimaanisha maji yagande na kupasua vyuma. Hiyo ilikuwa shida ya barafu, wala haikuwa ufundi wa kurahisisha asubuhi. Ninyi mtachoma kiasi cha lita 10 au zaidi kwa saa na kuujaza mtambo masizi, kwa kichwa kitakachofanya kazi siku mbili tu.

Lakini hasara ya dizeli ni ndogo. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Julai 2013, treni ya matangi 72 ya mafuta iliachwa kwenye mteremko juu ya mji wa Lac-Mégantic, Kanada, bila mtu, kichwa cha mbele kikiunguruma. Kichwa kikashika moto. Wazima moto wakaja, wakazima moto na injini pia. Injini ikizimwa kompresa, ile pampu ya upepo wa breki, nayo inasimama, na upepo uliokuwa umeshika breki za vichwa ukaanza kuvuja taratibu. Breki za mkono zilizokuwa zimefungwa zilikuwa 7 tu. Treni ikashuka yenyewe hadi katikati ya mji na watu 47 wakafa. Kichwa kinachounguruma bila mtu hakijalindwa. Upepo si breki ya kuegeshea; kinachoegesha treni ni breki za mkono na vigingi vya magurudumu, injini ikiwa imezimwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye breki, na ningependa usome sehemu hii polepole.

Kompresa ikianza kujaza matangi makuu, kazi ya kwanza ni kuyatoa maji. Hewa ikibanwa kisha ikapoa inaacha unyevu wake, na maji hayo yakibaki yatasafiri hadi kwenye valvu za breki, yatazitia kutu na kuosha grisi yake. Koki ya chini ya tangi ifunguliwe mpaka utoke upepo mkavu. Mwanzoni utaona povu la rangi ya kahawa, maji na oili vikiwa vimechanganyika. Kama povu ni jingi kila wiki, kompresa yenu inapitisha oili na mhandisi aelezwe.

Breki ya upepo ya treni, ile ambayo George Westinghouse aliikamilisha kwa umbo lake la kujiendesha mwaka 1872, inafanya kazi kinyume na watu wanavyodhani. Upepo ndani ya bomba linalopita treni nzima unaachia breki; unapopungua, breki zinakaza, kwa kutumia akiba iliyo kwenye tangi dogo la kila behewa. Kwenye reli nyingi bomba hujazwa hadi bar 5. Faida yake ni kwamba treni ikikatika katikati, bomba linapasuka na vipande vyote viwili vinasimama. Kama mabehewa yenu ni ya breki ya vakyumu (ambapo hewa inanyonywa kutoka kwenye bomba), mantiki ni ileile ila badala ya presha mnatazama inchi za zebaki, 21 kwenye mabehewa mengi ya Uingereza.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mbaya. Kati ya behewa na behewa kuna koki za kufungia bomba. Koki moja ikibaki imefungwa, mabehewa yote ya nyuma yake hayapati habari kwamba dereva amefunga breki. Na dereva mbele haoni kasoro yoyote. Kwa kweli geji yake inapendeza kuliko siku zote, kwa kuwa bomba limekuwa fupi na linajaa haraka. Tarehe 27 Juni 1988 treni ya abiria iliyokuwa ikielekea Paris ilisimamishwa njiani na abiria aliyevuta breki ya dharura. Katika kujaribu kuirudisha sawa, dereva alifunga koki ya bomba bila kutambua, na breki za nyuma zilipogoma kuachia, zikatolewa upepo kwa mkono behewa baada ya behewa. Treni ikaondoka ikiwa na breki sehemu ya mbele tu, ikashindwa kusimama Gare de Lyon, ikagonga treni iliyokuwa imesimama. Walikufa watu 56.

Kwa hiyo kipimo cha breki kinafanywa kutoka mkiani. Bomba likishajaa, kwanza linafungiwa na geji inatazamwa kuona linavuja kiasi gani. Kiwango kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye kanuni zenu. Dereva anafunga breki, mtu anatembea treni nzima akihakikisha kwa macho kwamba kila behewa limebana, siyo kuhesabu mabehewa kwa mbali. Dereva anaachia, mtu yule anarudi akiangalia kila behewa limeachia, maana behewa lililobaki limebana litachoma magurudumu njiani. Mwisho, koki ya behewa la mwisho kabisa inafunguliwa, na dereva aone geji yake ikishuka. Asipoiona ikishuka, bomba limefungwa mahali fulani. Madereva wazoefu huwa na sikio pia: treni ndefu ikifungwa breki, upepo unatoka kwenye valvu ya dereva kwa muda mrefu, ukikatika upesi kuliko kawaida, wanashuka kwenda kuangalia. Kipimo hiki kinarudiwa kila mabehewa yanapokatwa au kuunganishwa, hata saa nane mchana jua likiwaka na abiria wakilalamika.

Mambo mengine ya asubuhi, taa, honi, mchanga wa kumwaga relini magurudumu yasiteleze, kile kikanyagio kinachosimamisha treni dereva akizimia, mitungi ya kuzimia moto, kutazama chini kama kuna kinachovuja au kilicholegea, yanafanywa na mtu wa pili wakati wa kwanza yuko kwenye injini. Kujaza dizeli, mchanga na maji kufanyike jioni ya kuamkia safari, na matangi ya upepo yatolewe maji kila mkimaliza kazi. Mkigawana hivyo, nadhani saa kumi na mbili inaweza kuwa saa moja bila kuiba chochote. Saa mbili na nusu, hata kama mngetamani, hapana.

Betri zikiwa dhaifu msirudie kubonyeza kitufe mara nyingi mkitumaini, na msiunge waya kutoka kwenye gari. Vichwa vingi vya Uingereza vina mfumo wa volti 110, vya Marekani 64; betri ya lori haina la kufanya hapo. Betri za asidi zinapochajiwa zinatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, kwa hiyo sanduku lake lifunguliwe lipate hewa, na sigara ikae mbali.

Niliyoandika hapa hayakupi ruhusa ya kugusa kitu. Kanuni za reli yenu na kitabu cha injini yenu viko juu ya jibu langu, na kila kazi niliyoitaja inafanywa na mtu aliyefundishwa na kupitishwa. Mhandisi mwenye dhamana ya kichwa aitwe, aje mwenyewe na siyo kwa simu, ikiwa maji yametoka kwenye kikoki chochote, oili imepanda au imebadilika rangi, presha ya oili inachelewa kuliko ilivyozoeleka, kuna mlio mpya wa kugonga ndani ya injini, relei ya kulinda mota dhidi ya umeme unaovuja imekatika zaidi ya mara moja, au breki inavuja kupita kiwango.

Ule moshi wa Jumamosi nao uko kwenye orodha hiyo mpaka tujue ni nini. Moshi wa dizeli mbichi unachoma macho na unanuka. Mvuke wa maji haunuki sana na unayeyuka hewani upesi. Kama uliendelea hata injini ilipopata moto, huenda maji ya kupozea yanaingia kwenye silinda, na hilo ndilo hasa mzee analitafuta kwenye vikoki. Jumapili jioni injini ikishapoa weka alama kwenye kioo cha kuonyesha kina cha maji, uandike na tarehe. Jumamosi asubuhi, kabla ya kitu chochote kuwashwa, kisome tena. Kikiwa kimeshuka na chini hakuna unyevu, mpelekee mhandisi daftari lako, na kichwa kibaki bandani mpaka aseme yeye.